Jeraha la moyo baada ya upasuaji: mwanamke na mwanamume hawaumii kwa njia moja

Zamu ya Usiku (mleta mada):

Wanajukwaa, salaam.

Kila mada ya upasuaji wa moyo inapoletwa humu, haipiti kurasa mbili kabla mtu hajaandika kwamba moyo wa mwanamke ni dhaifu na ndiyo maana wanawake hawastahimili kisu kama wanaume. Kauli hiyo imekaa juu ya jambo la kweli, kwamba wanawake hufariki zaidi baada ya upasuaji wa kupandikiza mishipa ya moyo (yaani kushona mshipa mwingine unaopitisha damu kando ya ule ulioziba), lakini sababu inayotolewa siyo. Mimi ni muuguzi wa ICU ya wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa moyo. Ninaomba nieleze kwa kirefu ni nini hasa huujeruhi moyo, kwa nini jeraha hilo halifanani kwa jinsia zote mbili, na kwa nini sehemu kubwa ya tofauti hiyo inaweza kushughulikiwa kabla mgonjwa hajaingia chumba cha upasuaji.

Tuanze na jeraha lenyewe. Hakuna moyo unaosimamishwa na kushonwa ukatoka bila kuumia. Ili daktari aweze kushona ateri yenye upana wa milimita moja na nusu au mbili, kwa njia iliyozoeleka mgonjwa huunganishwa kwenye mashine ya moyo na mapafu, aota, yaani ateri kuu inayotoka kwenye moyo, hubanwa kwa kibano, kisha moyo humiminiwa kadioplejia, yaani maji maalumu yenye potasiamu nyingi, mara nyingi yakiwa ya baridi, ambayo huulaza msuli ili usihitaji oksijeni nyingi wakati haupati damu. Hali hiyo inaweza kudumu saa moja au zaidi. Kibano kinapoachiliwa damu hurudi, na kurudi huko nako huumiza, kwa sababu kalsiamu hufurika ndani ya seli na kemikali kali zinazozaliwa na oksijeni hushambulia kuta zake. Ongeza hapo sindano, nyuzi, mirija iliyochomekwa na mikono iliyoinua moyo na kuugeuza. Seli zilizoumia huvujisha troponini, protini iliyomo ndani ya msuli wa moyo, na hiyo ndiyo tunayoipima kwenye damu.

Kwa hiyo troponini kupanda baada ya upasuaji si habari. Habari ni imepanda kiasi gani, lini, na inaambatana na nini. Fasili ya kimataifa ya shambulio la moyo iliyotolewa mwaka 2018 inataka troponini ivuke mara 10 ya kikomo cha kawaida ndani ya saa 48, kwa mgonjwa ambaye kipimo chake kilikuwa sawa kabla ya upasuaji, na pawepo pia ushahidi mwingine: badiliko jipya kwenye ECG (kipimo cha umeme wa moyo), mshipa uliopandikizwa kuonekana umeziba, au sehemu ya ukuta wa moyo kuonekana haisogei kwenye ECHO (picha ya moyo ya mawimbi ya sauti). Utafiti wa VISION wa upasuaji wa moyo, uliochapishwa mwaka 2022 ukiwa na wagonjwa 13,862 kutoka nchi 12, ulionyesha kwamba kikomo hicho cha mara 10 huvukwa na karibu kila mtu. Kwa kipimo cha troponini I ambacho kikomo chake cha kawaida ni nanogramu 26 kwa lita, hatari ya kifo ndani ya siku 30 iliongezeka waziwazi, kwa waliopandikizwa mishipa au kubadilishiwa valvu ya aota (mlango wa damu inayotoka kwenye moyo), pale kiwango kilipofika 5,670 katika siku ya kwanza, yaani mara 218 ya kikomo, au 1,522 katika siku ya pili au ya tatu. Kwa aina nyingine za upasuaji wa moyo kiwango cha siku ya kwanza kilikuwa 12,981. Ndugu wa mgonjwa anayeona 900 kwenye karatasi na kuanza kulia hajaelezwa jambo hili, na ni wajibu wetu kumweleza.

Hapo ndipo jinsia inapoingia. Ile 26 ni kikomo cha watu wote wakiwekwa pamoja. Ukiwatenganisha, kipimo hichohicho kina kikomo cha 16 kwa mwanamke na 34 kwa mwanamume. Sababu mojawapo ni ukubwa wa moyo: kwa viwango vya ECHO vinavyotumika sana, msuli wa chemba ya kushoto ya mwanamke mwenye afya huwa na uzito wa gramu 67 hadi 162, na ya mwanamume gramu 88 hadi 224. Huko Scotland, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulitumia vikomo viwili tofauti kwa watu waliofika hospitalini wakishukiwa kuwa na shambulio la moyo, na wanawake waliobainika kuwa nalo wakapanda kutoka asilimia 11 hadi 22, ilhali kwa wanaume hesabu haikubadilika sana. Hao hawakuwa wagonjwa wa upasuaji, na viwango vya VISION nilivyovitaja vilitolewa kwa jinsia zote kwa pamoja. Hata hivyo, msimamo wangu ni kwamba troponini ya 5,000 kwa mwanamke wa kilo 48 imetoka kwenye msuli mdogo kuliko 5,000 ya mwanamume wa kilo 90, na sitatulia kwa kuwa tu haijafika 5,670.

Kuhusu vifo, takwimu za Marekani za mwaka 2011 hadi 2020, zilizochapishwa mwaka 2023 zikiwa na watu karibu milioni 1.3 waliopandikizwa mishipa ya moyo, zinaonyesha vifo vya asilimia 2.8 kwa wanawake na 1.7 kwa wanaume, na pengo hilo halikuzibika katika miaka yote hiyo kumi. Kikokotoo cha hatari kinachotumika Ulaya, EuroSCORE II, kinamwongezea mgonjwa alama kwa kuwa tu ni mwanamke.

Je, ni msuli? Katika majaribio ya wanyama, moyo wa jike ukinyimwa damu kisha ukarudishiwa, mara nyingi hupata jeraha dogo kuliko wa dume, na estrojeni, homoni ya kike, inahusika, kwa jinsi inavyozisaidia mitokondria, yaani vinu vya nishati vya seli, na kudhibiti kalsiamu ndani ya seli. Kama tatizo lingekuwa udhaifu wa msuli, tungeona kinyume chake. Mwanamke mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, hata hivyo, huja kwetu mara nyingi akiwa ameshakoma hedhi, akiwa na umri mkubwa kuliko mwanamume wa kitanda cha pili, na akiwa na kisukari na shinikizo la damu vya miaka mingi. Ile kinga aliyozaliwa nayo imeshapungua, na mengine yote yameongezeka.

Jambo ninalotaka mlishike zaidi ni damu. Mashine ya moyo na mapafu haianzi kazi ikiwa tupu. Mirija yake hujazwa kwanza maji ya dripu, tuseme lita 1.3, na maji hayo huchanganyika na damu ya mgonjwa mara tu mashine inapowashwa. Mchukue mwanamume wa kilo 80 mwenye damu lita 5.6 na himoglobini (ile protini nyekundu ya damu inayobeba oksijeni) ya gramu 14 kwa desilita: baada ya kuchanganyika atabaki na takriban 11.4. Mchukue mwanamke wa kilo 50 mwenye damu lita 3.25 na himoglobini ya 11, kiwango ambacho kwetu wengi hukiita cha kawaida: atashuka hadi takriban 7.9. Maji ni yaleyale, kama mchuzi wa sufuria mbili ulioongezewa kikombe kilekile, na bado hatujahesabu maji ya kadioplejia wala damu itakayopotea. Moyo wa mama huyo utatoka kwenye njaa ya oksijeni na kupokea damu nyepesi, na figo na ubongo wake vitapokea hiyohiyo. Uchambuzi mwingine wa Marekani uliochapishwa mwaka 2024, ukiwa na wagonjwa zaidi ya milioni 1.4, ulikadiria kwamba upungufu wa damu unaotokea wakati wa upasuaji unabeba takriban asilimia 38 ya ile hatari ya ziada ya kifo kwa wanawake. Hiyo ni sehemu kubwa mno kuachwa kwa jina la maumbile.

Kisha kuna mishipa. Ateri za moyo za mwanamke kwa wastani ni nyembamba, hata ukilinganisha na umbo lake, na kushona mshipa mwembamba ni kazi ngumu zaidi yenye nafasi kubwa zaidi ya kuziba. Wanawake pia hupata kwa uchache zaidi ateri ya ndani ya kifua kama mshipa wa kupandikiza, na zaidi hutumiwa vena ya mguu, ingawa ateri hiyo ndiyo inayodumu miaka mingi zaidi. Nimesikia sababu nyingi za jambo hili, nyingine za msingi na nyingine za mazoea.

La mwisho ni umbo la moyo. Mwanamke ambaye valvu yake ya aota imebana kwa miaka mara nyingi hujenga moyo wenye kuta nene na nafasi ndogo ndani, na ukuta mnene ni vigumu kuulinda kwa kadioplejia, kwa sababu tabaka la ndani ndilo la mwisho kufikiwa. Valvu ikishabadilishwa, moyo huo ambao ulizoea kusukuma dhidi ya kizuizi hukaza kiasi cha kujifungia njia wenyewe. Presha inashuka, na mtu asiye na uzoefu anaongeza adrenalini, presha inashuka zaidi, anaongeza tena. Dawa ya hali hiyo ni kinyume: maji ya kutosha, kupunguza au kuacha adrenalini, kupunguza kasi ya moyo na kuibana mishipa ya mwili, baada ya ECHO kuonyesha kinachotokea. Nimekaa zamu nyingi kando ya vitanda vya namna hii, na mara nyingi mgonjwa ni mama wa makamo, mwembamba, ambaye presha yake imekuwa juu tangu watoto wake wakiwa shule ya msingi.

Nitajibu maswali kadiri nitakavyoweza. Tafadhali tusiandike majina ya wagonjwa wala ya hospitali tunazozilalamikia.

Kifunguamimba:

Asante sana dada kwa uzi huu. Mama yangu ana miaka 62 na amepangiwa upasuaji wa kupandikiza mishipa mitatu. Kwa zaidi ya mwaka alitibiwa vidonda vya tumbo, kwa kuwa alikuwa akilalamikia kiungulia na kuchoka, na hakuwahi kusema kifua kinambana. Vipimo vya wiki hii vinaonyesha damu yake ni 10.2. Nyumbani tumeanza kumpa juisi ya rozela na bitiruti asubuhi na jioni, na shangazi anasisitiza aongezewe damu kabisa kabla hajapasuliwa. Je, tuko sahihi, na ni maswali gani ya kumwuliza daktari bila kuonekana tunamfundisha kazi?

Zamu ya Usiku:

Ndugu Kifunguamimba, poleni, na hongereni kwa kufika hatua hiyo. Kuhusu mwaka mmoja wa vidonda vya tumbo, mama yako hayuko peke yake. Maumivu ya wanawake wengi huja kama kuishiwa pumzi, uchovu, kichefuchefu au kuungua chembe ya moyo, nao huzungushwa kwenye dawa za tumbo na za usingizi mpaka moyo unapokuwa umeshachoka. Kuchelewa huko kwenyewe ni sehemu ya tofauti ninayoizungumzia.

Kwa mwanamke asiye mjamzito, himoglobini iliyo chini ya 12 ni upungufu wa damu kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, kwa hiyo 10.2 si jambo la kuachwa. Swali la kwanza ni kwa nini imeshuka. Mama wa miaka 62 hapati hedhi, hivyo damu ama haitengenezwi vizuri au inapotea mahali. Kama amekuwa akimeza aspirini kwa ajili ya moyo, na kweli tumbo linamsumbua, lazima iangaliwe kama anavuja polepole tumboni. Mwulizeni kama choo chake kimekuwa cheusi. Figo nazo zipimwe. Likionekana ni upungufu wa madini ya chuma, vidonge huhitaji wiki kadhaa kufanya kazi, na chai ya rangi ikinywewa pamoja navyo hupunguza sana kinachofyonzwa, kwa hiyo avimeze mbali na chai. Siku zikiwa chache, daktari anaweza kuchagua chuma cha kuingizwa kwa mshipa. Rozela na bitiruti si vibaya, ila visichukue nafasi ya matibabu, na kama ana kisukari muangalie sukari mnayoitia humo.

Kuongezewa damu mapema kwa ajili tu ya kupandisha namba sikuungi mkono kama jambo la moja kwa moja, kwa kuwa damu ya mtu mwingine nayo ina madhara yake. Huo ni uamuzi wa timu inayomtibu, kulingana na hali yake na haraka ya upasuaji.

Maswali ya kuuliza ni haya, na hakuna daktari makini atakayeyachukia: upungufu huu wa damu unatokana na nini, na je, upasuaji unaweza kusubiri mpaka urekebishwe, mtaalamu wa mashine ya moyo na mapafu atatumia njia gani kupunguza maji ya kujazia mirija kwa mtu wa kilo zake, na je, ateri ya ndani ya kifua itatumika kwenye mshipa wa mbele wa moyo, na kama haitatumika, kwa nini. Kama daktari anasema ugonjwa wake hauwezi kusubiri hata wiki, msimlazimishe kuahirisha kwa sababu ya uzi wa mtandaoni.

Mdadisi:

Mleta mada umeandika vizuri, lakini nina pingamizi. Takwimu zako ni za Marekani na Scotland, na wagonjwa wake ni wazee wa ugonjwa wa mishipa ambao wengi wao ni wanaume. Hapa kwetu ukienda wodi ya upasuaji wa moyo utakuta mabinti wa miaka 20 na 30 wenye valvu zilizoharibiwa na homa ya rumatiki. Utafiti wa REMEDY uliochapishwa mwaka 2015, uliohusisha wagonjwa 3,343 wa ugonjwa huo kutoka nchi 12 za Afrika pamoja na India na Yemen, ulikuta asilimia 66 ni wanawake na umri wa katikati ni miaka 28. Binti wa miaka 28 bado ana estrojeni yake yote na mishipa ya moyo isiyo na mafuta. Je, si kweli kwamba hoja yako nzima inawahusu watu wa bara jingine?

Zamu ya Usiku:

Pingamizi lako ni la haki kwa nusu. Ugonjwa ni tofauti, na mimi mwenyewe ningependa tuwe na takwimu zetu za jinsia na jeraha la moyo kutoka vituo kama Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Dar es Salaam, Tenwek kule Bomet na Taasisi ya Moyo ya Uganda pale Mulago. Lakini hoja ya damu haiondoki, inazidi. Binti wa miaka 28 ana hedhi, huenda ameshajifungua mara mbili au tatu, anaweza kuwa ameugua malaria au kuwa na minyoo, na valvu iliyobana imemkondesha mpaka kilo 42. Rudia ile hesabu ya mchanganyiko kwa kilo 42 uone utakachokipata. Usisahau pia kwamba upasuaji wa valvu unaweza kumweka kwenye kibano muda mrefu, hasa zikiwa valvu mbili.

Kuhusu mishipa isiyo na mafuta, hilo linabadilisha namna ya kuisoma troponini. Namwachia daktari aeleze, maana namwona yuko mtandaoni.

Daktari wa Kifua:

Asante dada. Niongeze mambo mawili, na nitajitahidi nisiwachoshe.

La kwanza ni hilo la troponini kwenye valvu. Kwa aliyepandikizwa mishipa, troponini ikipanda isivyotarajiwa wazo la kwanza ni kwamba kipandikizi kimeziba au kimejikunja. Kwa binti aliyebadilishiwa valvu ya mitrali, ile iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, hakuna kipandikizi, hivyo jeraha kwa kawaida limetokana na muda wa kibano, ulinzi wa msuli na mkato wenyewe. Lakini kuna ateri moja ya moyo, ile inayozunguka upande wa kushoto, ambayo hupita karibu sana na pete ya valvu ya mitrali. Mshono ukiwa wa kina kupita kiasi unaweza kuibana au kuivuta. Ndiyo maana namba kubwa kwa binti mwenye mishipa safi, ikiambatana na mabadiliko kwenye ile mistari ya ECG inayoangalia upande wa pembeni wa moyo na ukuta wa pembeni usiosogea, haipaswi kupuuzwa kwa kusema ni kijana atastahimili. Huyo anahitaji kuchunguzwa mara moja, na pengine kurudishwa mezani. Ujana wake unaweza hata kutudanganya, kwa kuwa presha yake hushikilia kwa saa kadhaa huku msuli ukiendelea kufa.

La pili ni ugonjwa uitwao takotsubo, ambao takriban wagonjwa tisa kati ya kumi ni wanawake, wengi wakiwa wameshakoma hedhi. Msongo mkubwa wa mwili au wa nafsi, upasuaji ukiwamo, huufanya moyo upooze kwa muda, mara nyingi ncha yake ikiwa imefura na kusimama huku sehemu ya juu ikikaza. Troponini hupanda, lakini kwa kiasi kidogo ukilinganisha na jinsi moyo unavyoonekana vibaya kwenye ECHO, na mishipa ikipigwa picha haina kizuizi kinachoeleza hali hiyo. Wengi hupona katika wiki chache, ingawa si ugonjwa wa kuchezea. Hapa pia adrenalini ya kupita kiasi inaweza kuharibu badala ya kutengeneza.

Kwa ndugu Mdadisi: hata huko bara jingine unakosema, wanawake kwenye majaribio ya tiba ya upasuaji wa moyo wamekuwa wachache kiasi kwamba miongozo mingi ya kupandikiza mishipa imeandikwa kwa ushahidi wa wanaume. Jaribio liitwalo ROMA Women, linalolinganisha kupandikiza ateri moja na ateri zaidi ya moja kwa wanawake peke yao, limeanzishwa miaka ya karibuni tu.

Mtu wa Maabara:

Wakuu, niongezee upande wetu, kwa sababu karatasi inayosomwa kitandani hutoka kwetu. Troponini I na troponini T si kipimo kimoja, na hata troponini I ya mashine ya kampuni moja haiwezi kulinganishwa namba kwa namba na ya kampuni nyingine. Zile 5,670 na 1,522 zina maana kwa kipimo kilichotumika kwenye utafiti huo. Hospitali inayotumia troponini T isizinukuu kama zilivyo, na mgonjwa aliyehamishwa kutoka hospitali moja kwenda nyingine asiambiwe troponini imeshuka kabla haijajulikana kama mashine ni ileile. Figo zikiwa hazifanyi kazi vizuri, troponini, hasa T, huwa juu hata kabla ya upasuaji, na hapo ndipo kipimo cha kabla ya upasuaji kinapokuwa na thamani. Kuna hospitali zinakiacha ili kuokoa gharama, kisha baada ya upasuaji kila mtu anabaki kukisia.

Jambo jingine: namba moja haitoshi. Kwa kawaida troponini hufika kilele ndani ya siku ya kwanza kisha hushuka. Iliyoshuka kisha ikapanda tena saa ya 36 inasema jambo zito kuliko iliyoanza juu na kuteremka taratibu, na hilo ni kwa jinsia zote. Damu iliyovutwa kwa nguvu na sindano nyembamba mpaka chembe nyekundu zikapasuka nayo hutupa majibu yasiyoaminika. Tukiirudisha sampuli, tafadhali msituone tunaleta urasimu.

Baba Wawili:

Nimesoma yote. Mimi ni mwanamume wa miaka 55 na nimeambiwa nami nitahitaji upasuaji. Je, kwa maelezo haya nijione niko salama?

Zamu ya Usiku:

Hapana, kaka. Katika zile takwimu za Marekani wanaume walikuwa robo tatu ya wagonjwa wote, kwa hiyo hata kwa asilimia 1.7 waliofariki wengi kwa idadi ni wanaume. Mwanamume pia hupata zaidi lile tatizo la moyo kupiga ovyoovyo siku ya pili au ya tatu baada ya upasuaji, ambalo huongeza hatari ya kiharusi na huwarefushia watu kukaa wodini. Sigara nayo nimeiona zaidi kwenu, na mapafu ya mvutaji hutusumbua kumtoa kwenye mashine ya kupumulia. Kama unavuta, acha leo, usisubiri tarehe ya kulazwa. Himoglobini yako ipimwe vilevile. Kwa mwanamume upungufu huhesabiwa chini ya 13, na mwanamume mwembamba mwenye 11 yuko kwenye hesabu ileile ya yule mama.

Kifunguamimba:

Nimerudi na mrejesho. Tulimwuliza daktari maswali yale, naye hakukasirika hata kidogo. Amesema mishipa ya mama haimlazimishi kupasuliwa wiki hii, ameagiza kipimo cha tumbo na cha madini ya chuma, na upasuaji umesogezwa mbele. Shangazi hajafurahi. Swali langu la mwisho: akishatoka hospitalini, ni dalili gani zinapaswa kutukimbiza kurudi, na atakaa muda gani bila kazi? Namfahamu mama yangu, siku ya tatu atataka kuchota maji.

Zamu ya Usiku:

Maumivu ya mkato na ya mfupa wa kidari yatakuwepo, na huuma zaidi akikohoa au akijigeuza. Hayo yanatarajiwa, na kwa wanawake wenye matiti makubwa mkato huvutwa zaidi, hivyo sidiria laini isiyo na waya, inayofungwa mbele, humsaidia sana. Kinachowarudisha hospitalini usiku uleule ni kuishiwa pumzi akiwa amelala chali, kuzimia, moyo kwenda mbio usiotulia, kifua kubana kama kabla ya upasuaji au ule uchovu na kiungulia alivyokuwa navyo mwanzo, homa, mkato kutoa usaha, au mfupa wa kidari kulia na kucheza anapojigeuza. Miguu kuvimba na uzito kuongezeka kilo mbili ndani ya siku mbili au tatu navyo visisubiri kliniki. Dalili zake za mwanzo zilikuwa za tumbo, kwa hiyo zikirudi msikubali kuanza tena dawa za vidonda kabla ECG haijapigwa.

Kuhusu kazi, mfupa wa kidari huhitaji wiki sita hadi kumi na mbili kuunga. Katika muda huo asinyanyue kitu kinachozidi kilo tatu hadi tano, na ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Asibebe mjukuu, asifue mashuka kwa mkono, asisonge ugali wa watu wengi, asivute mlango mzito kwa mkono mmoja. Kutembea atembee kila siku, akiongeza kidogokidogo. Kaeni kikao cha familia kabla hajalazwa mpange nani atachota maji na nani atapika, tena kwa majina na siku, kwa sababu wanaume wengi ninaowaruhusu kutoka hukuta nyumbani mtu wa kuwahudumia, ilhali akina mama wengi hukuta kazi zao zinawasubiri. Mkitoka, ombeni nakala ya majibu ya troponini, ECG na ECHO ya siku ya kuruhusiwa, pamoja na jina la kipimo kama alivyosema mtu wa maabara, mziweke kwenye faili moja na kadi yake ya kliniki.